Siku ya Mungu iligeuka siku ya posho: puantaji yetu mu klaudi

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mabibi munaosoma fishi ya mushahara mbele bwana hajavua hata viatu, leo tunazungumza juu ya saa mbili tu. Saa mbili zilipotea kati ya mulango wa mine na bilo ya mishahara, na franga za watu zikapotea pamoja nazo.

Mambo yalikuwa hivi. Mu sosiete moja ambamo sisi tuko madelege (jina tunaliacha, mazungumzo hayajaisha), ekipi ya pompe inaingia kazi saa 1h00 ya usiku. Watu wa pompe munawajua. Maji ya shimo hayana siku ya mapumziko, kwa hiyo na wao wanatumika siku ya Mungu kama siku zingine. Wanapitisha baji pa mulango saa 0h40, 0h50. Kwa ile posti ya siku ya Mungu, konvansio yetu inawapa nyongeza. Miaka yote waliipata.

Kisha kukaja mwezi mumoja, fishi ikatoka bila nyongeza. Mwezi wa pili vilevile. Tulipouliza ku bilo, walitufungulia ordinatere: "Angalieni wenyewe, madelege. Hawa watu waliingia siku ya posho, saa 22h50. Siku ya posho haina nyongeza." Na kweli, pa ekran paliandikwa hivyo. Mwenzetu mumoja akauliza: "Saa 22h50 tulikuwa bado tunalala ku nyumba. Nani aliingia mu mine na baji yetu?"

Hakuna aliyeingia. Na shefu wa bilo hakuwa mwizi, tuseme ukweli. Shida ilikuwa ingine, na tulihitaji majuma matatu kuielewa. Tunaiandika hapa kwa sababu kesho itafika na kwenu, kama haijafika.

Kitu kilichobadilika

Sosiete ilikuwa imeunganisha baze yake ya data na serivisi moja ya klaudi. Tueleze maneno haya mawili, maana watu wengi wanayasikia mu mikutano na wanatikisa kichwa tu.

Baze ya data ya namna hii ni matablo. Tablo moja iko na majina ya wafanyakazi: kila mutu na mustari wake. Tablo ya pili ni puantaji: kila baji inapopita, mustari mupya unaandikwa. Tablo ya tatu ni mishahara. Kinachofunga haya matablo pamoja ni matirikule yako. Haiandiki jina lako mara elfu, inaandika matirikule, na matirikule inakwenda kukutafuta mu tablo zingine. Ile mawazo iliandikwa mu 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa anatumika kwa IBM kule Marekani, na mpaka leo karibu kila banki na kila sosiete kubwa inalipa watu namna ile.

Klaudi ni neno la Kiingereza, maana yake wingu. Lakini hakuna kitu kinachoruka juu. Ni nyumba kubwa zenye mashini nyingi, za sosiete zinazokodisha nafasi ya kuweka data na nguvu ya kuhesabu. Kwa upande wetu wa Afrika, zile kubwa ziko Afrika ya Kusini: Microsoft ilifungua yake mu 2019, Amazon ikafungua ya Cape Town mu 2020, Google ikafungua ya Johannesburg mu 2024. Sosiete ya Kolwezi ao ya Likasi inaweza kutuma puantaji yetu kule kila usiku, ao mbali zaidi, mpaka Ulaya.

Kwa nini wanafanya hivyo? Sababu ziko, na zingine ni nzuri. Hapa kwetu courant inakatika, mashini ya bilo inaweza kuungua ao kuibwa. Kopi inayokaa mbali inaokoa. Wazee wetu wengi walizunguka miaka ku bilo za pensheni kwa sababu makaratasi ya kazi yao yalilowa maji ao yaliliwa na panya. Kama kopi ya kazi yao ingekuwa imewekwa mahali pengine, wangekula jasho lao wakiwa wazima. Kwa hiyo hatuko hapa kupiga mashini na nyundo.

Sababu ingine ni hii: wakubwa wanakaa mbali na wanataka kuona, kila asubuhi, tani moja imekula saa ngapi za watu. Tangu serikali ilisimamisha kutuma kobalti inje mu Februari 2025, kisha ikaweka kota mu Oktoba wa mwaka ule, kila sosiete inahesabu vizuri zaidi kila dola inayotoka. Saa zetu njo kitu cha rahisi kuhesabu. Wakati wa makadirio ya namna hii, kosa kidogo mu hesabu ya saa si kosa kidogo ku meza ya nyumba.

Daraja linavunjika wapi

Kati ya baze iliyo hapa na klaudi iliyo kule, kunawekwa programu moja ndogo mu mashini ya sosiete. Inafanya kazi ya daraja. Kila usiku inafungua matablo, inachukua mistari mipya, inaituma. Ni kama camion inayobeba minerai kutoka mine mpaka ku usini. Sisi watu wa mine tunajua: minerai inaweza kutoka nzuri na kufika pungufu. Tunapima pa kutoka na tunapima pa kufika. Kwa data yetu, hakuna aliyepima pa kufika.

Hapa tunaweka mahali patano ambapo mizigo inaanguka.

Ya kwanza ni saa. Congo iko na saa mbili: Kinshasa wako saa moja mbele ya saa ya dunia, ile ya Greenwich kule Uingereza, na sisi wa Lubumbashi na Kolwezi tuko saa mbili mbele. Serivisi nyingi za klaudi zinaweka kila kitu mu saa ya dunia. Hiyo si mbaya, kama pa kusoma wanairudisha mu saa yetu. Kwetu hawakuirudisha. Baji ya saa 0h50 ya siku ya Mungu iliondolewa saa mbili, ikawa 22h50 ya siku ya posho. Ripoti ikakata siku pale. Basi siku ya Mungu ya watu wa pompe ikafa hivyo, bila mutu kuiua.

Tuseme na upande mwingine, ili musituite waongo. Ile ekipi ingine iliyoingia saa 0h50 ya siku ya kwanza ya juma, mashini iliandika kwamba waliingia siku ya Mungu, na wakapata nyongeza ambayo haikuwa yao. Na unajua, ile makosa ya kuongeza franga ilionekana haraka, walitaka kuikata mara moja ku mushahara wa mwezi uliofuata. Ile makosa ya kupunguza, paka sisi tuliiona.

Na mwisho wa mwezi ni vibaya zaidi. Baji ya tarehe 1, saa 0h50, inakuwa tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita. Lakini mwezi uliopita bilo imekwisha kuufunga. Ile posti haipo huku, haipo kule.

Ya pili ni sifuri. Matirikule 00457, ikipita mu lisiti ya Excel bila uangalifu, inakuwa 457. Kwa macho ya mutu ni mutu yule yule. Kwa mashini, kama upande mumoja inasoma kama maandishi, ni watu wawili: mumoja iko na saa bila jina, mwingine iko na jina bila saa. Wale wa sous-traitance njo wanaumia zaidi hapa, kwa sababu baji yao inapita pa mulango wa sosiete kubwa, lakini mushahara unafanywa ku bilo ya patron mwingine. Baze mbili, matirikule mbili, na katikati lisiti inayotumwa na mutu aliyechoka.

Ya tatu ni virgile. Sisi tunaandika saa 7,5 kama Wafaransa. Programu nyingi zinangoja nukta, 7.5. Kama haikuelezwa, inaweza kuchukua 7 na kutupa ile nusu, ao kusoma 75 na kuukataa mustari wote. Nusu saa kila siku, siku 24 za mwezi, ni saa 12. Ni posti nzima na zaidi, bure.

Ya ine ni mistari iliyosahihishwa nyuma. Daraja, ili lisibebe vyote kila usiku, linauliza: "Mistari gani ilibadilika tangu jana?" Linaangalia tarehe ya mwisho ya kubadilika. Shefu wa ekipi akisahihisha saa zako kwa mukono na ile tarehe haikusogea, hapa mine saa zako ziko sawa, lakini kule klaudi bado ni zile za zamani. Na mustari uliofutwa hapa unaweza kubaki kule kama mutu aliyekufa anayeendelea kusaini.

Ya tano ni jina. Sisi tuko na nom, postnom na prénom. Programu iliyotengenezwa inchi ingine iko na nafasi mbili tu. Postnom inasukumwa, inaungana na nom, ao inaanguka. Mu mukoa ambapo Ilunga, Mwamba na Kabamba wako kila barabara, mutu bila postnom yake si mutu, ni lisiti.

Kopi ilianza kuamuru

Lakini haya yote tano, tungeyavumilia kama makosa ya mwanzo. Kuna jambo moja kubwa zaidi, na njo sababu ya kuandika.

Kusoma kopi ni kitu kimoja, kuifanya mukubwa ni kitu kingine. Kama daraja linakwenda paka upande mumoja, wakubwa wanaangalia namba kule, na kosa linabaki mu ripoti yao. Lakini kwetu walikuwa wameongeza njia ya kurudi. Hesabu ya nyongeza ilifanyika kule klaudi, kisha jibu likarudi na kuandikwa mu tablo ya mishahara. Toka siku ile, kopi iliacha kuwa kopi. Ikawa shefu. Rejista ya mulangoni, ile iliyoona uso wetu saa 0h50, ikanyamaza, na mashini ya mbali ambayo haijaona mine hata siku moja ikasema tuliingia jana yake.

Sisi tunasema: rejista ya mulango njo mama, ile ya klaudi ni mutoto. Mutoto anaweza kusoma kushinda mama, anaweza kwenda mbali. Lakini mukigombana juu ya siku aliyozaliwa, munamuuliza mama.

Tulishindaje? Si kwa ufundi. Shefu wa ekipi ya pompe, muzee ambaye hata telefone ya kugusa haipendi, iko na kaye. Kila usiku anaandika majina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kila mutu anaweka sinyatire. Tuliweka kaye pembeni ya lisiti ya mashini. Mustari kwa mustari, tofauti ilikuwa saa mbili kamili. Si saa moja na nusu, si tatu. Kijana mumoja wa enformatiki aliangalia, akacheka peke yake, akasema: "Wazee, ni fuseau horaire." Ni kusema, ni saa ya inchi. Bilo yote ikanyamaza.

Mwezi wa mwisho umekwisha kurudishwa ku fishi. Miezi miwili ya mbele bado tunaidai. Na hapa kila familia isikilize: Code du Travail inatupa mwaka mumoja tu kudai mushahara ambao haukulipwa, kuanzia siku uliyopaswa kulipwa. Mashini inaweza kukosea miaka mitatu kimyakimya. Sisi hatuna miaka mitatu ya kushituka.

Safu moja yenye hatari

Kuna jambo lingine tulilikuta wakati wa kutafuta saa zetu. Tuliomba kuona ni safu gani za tablo zinabebwa. Jibu: zote. Walichukua tablo ya mishahara mzima-mzima kwa sababu ni rahisi kuliko kuchagua.

Lakini mu tablo ya mishahara kuna nini? Kuna makato ya sendika. Mwenye kusoma ile safu anajua nani iko mu sendika gani, na nani aliingia juzi. Kuna siku za ugonjwa. Kuna majina na tarehe za kuzaliwa za watoto, kwa sababu ya alokasio familiale. Kuna namba ya konti ya banki. Mutu anayetaka kujua gharama ya tani hahitaji kujua kama mutoto wetu wa tatu alizaliwa tarehe gani.

Inchi yetu iko na sheria juu ya hii: Code du Numérique, ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Inasema data ya mutu haichukuliwi hovyo. Mutu iko na haki ya kuelezwa data yake inatumika kwa nini, haki ya kuiona, na haki ya kuomba isahihishwe. Habari za afya na za sendika zinachungwa kwa nguvu zaidi, na kutuma data inje ya inchi iko na masharti yake. Ma-delege wengi hawajaifungua ile sheria, maana wanafikiri ni ya watu wa telefone. Ni yetu vilevile.

Tunachoomba

Mu mukutano na direksio tuliweka mambo matano pa meza. Yachukueni, muyarekebishe kwa mahali penu.

Kwanza, mbele ya kuunganisha baze ya wafanyakazi na serivisi yoyote ya inje, delegasio ya sendika ielezwe kwa maandishi: tablo gani, safu gani, inakwenda inchi gani, nani anasoma. Safu ya sendika, ya ugonjwa na ya watoto ibaki hapa.

Pili, lile daraja lipewe ruhusa ya kusoma tu. Kitu kinachogusa mushahara kihesabiwe hapa, ao kama kinahesabiwa kule, kisiandikwe mu tablo ya mishahara mbele mutu wa hapa hajakiangalia na kukisaini.

Tatu, kila mwezi mbele ya kulipa, wahesabu pa kutoka na pa kufika: mistari ngapi ya puantaji iliondoka, ngapi ilifika, jumla ya saa hapa na jumla ya saa kule. Kama haziko sawa, hakuna kufunga mwezi. Kazi hii kwa mutu wa enformatiki si kazi ya siku nzima.

Ine, rejista ya mulango na fishi vikibishana, mulango unashinda mpaka ihakikishwe vingine. Mufanyakazi asilazimishwe kuhakikisha kwamba hakuwa mahali ambapo hakuwa.

Tano, fishi ya mushahara ionyeshe siku na saa za kila posti, si jumla peke yake. Mutu akiona "saa 176" hawezi kubisha. Akiona "siku ya posho 22h50" atabisha mara moja.

Direksio imekubali ya tatu na ya tano. Ya pili wanasema watauliza wakubwa wa inje. Ya kwanza na ya ine bado tunavutana. Tutarudi pa meza.

Kwa sasa, ku nyumba

Wakati tunabishana huko juu, kila nyumba inaweza kufanya kazi yake. Nunua kaye, ile ya watoto wa shule. Kila posti, andika tarehe, saa ya kuingia pa mulango, saa ya kutoka. Kama bwana anarudi amechoka, bibi aandike ao mutoto wa sekondari aandike. Chungeni fishi zote mu plastiki, musifungie nazo ndizi. Fishi ikitoka, linganisheni siku ile ile. Angalieni zaidi posti zinazoanza katikati ya usiku na ya saa mbili, posti za siku ya Mungu, na tarehe 1 ya mwezi.

Mukikuta tofauti, musigombane na karani wa bilo. Anasoma kile mashini inamuonyesha. Andikeni barua fupi, tarehe, saa, kiasi, mukae na kopi yenye muhuri wa kupokea, kisha muite delege. Kama haitoshi, Inspection du Travail iko kwa kazi ile, na mbele ya kufika Tribunali ya Kazi lazima kupita pale.

Watu wa pompe wanaendelea kuingia saa 1h00. Muzee wao anaendelea na kaye yake, sasa iko ya tatu. Juzi kijana mumoja mupya alimuuliza kwa nini anapoteza wino na baji ipo. Muzee alimupa kalamu tu, akamuonyesha mahali pa kusaini.